Usiku Mmoja wa Henry Johnson na Miaka 97 Iliyofuata



Tarehe 2 Juni 2015, katika Ikulu ya Marekani mjini Washington, Rais Barack Obama alitoa Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo ya juu kuliko zote katika jeshi la nchi hiyo. Aliyesimama kuipokea alikuwa Sajini Meja Louis Wilson, mwanajeshi wa jimbo la New York. Nishani haikuwa yake. Aliipokea kwa niaba ya mtu aliyefariki mwaka 1929, na ilibidi aipokee yeye kwa kuwa hakupatikana ndugu wa damu hata mmoja wa marehemu. Marehemu mwenyewe ni Henry Johnson, askari wa miguu wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambaye kabla ya kuvaa magwanda alikuwa mchukuzi wa mizigo ya abiria kwenye stesheni ya reli. Kitendo kilichompa nishani alikifanya Mei 1918. Kutoka pale hadi Ikulu ni miaka 97.

Usiku ule wa Mei nitausimulia, tena kwa kituo, maana unastahili. Lakini kinachonikera zaidi ni hiyo miaka 97. Ushujaa wa Johnson haukufichika. Wafaransa waliuona wakamvisha nishani yao. Magazeti ya New York yaliuandika mwezi huohuo. Jemadari mkuu wa majeshi ya Marekani kule Ulaya aliutaja kwa maandishi. Ilikuwaje basi serikali iliyomtuma vitani ikachukua karibu karne nzima kusema kwamba nayo imeuona?

Tuanze na mtu mwenyewe. Henry Johnson alizaliwa North Carolina, kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1890. Utumwa ulikuwa umekomeshwa mwaka 1865, kwa hiyo wazee waliomzunguka utotoni walikuwa watu wanaoukumbuka vizuri, na sheria za kuwatenga weusi na weupe zilikuwa zinazidi kukazwa mwaka hata mwaka. Akiwa bado kijana alihamia kaskazini, jimbo la New York, akafikia mji wa Albany. Huko alifanya kila kazi iliyopatikana: alikuwa dereva, alichanganya soda dukani, alipakia makaa ya mawe, na mwisho akawa mmoja wa wale wachukuzi wa stesheni waliovaa kofia nyekundu ili abiria wawatambue kwa mbali. Alikuwa mtu mfupi, futi 5 na inchi 4, uzito wake ratili 130 hivi. Ukimpita stesheni usingegeuka kumtazama mara ya pili.

Juni 1917, miezi miwili baada ya Marekani kuingia vitani, alijiandikisha katika Rejimenti ya 15 ya New York. Hiki kilikuwa kikosi cha askari weusi, wengi wao wa Harlem, chini ya kanali mweupe aliyeitwa William Hayward. Jeshi la Marekani wakati ule lilitenganisha watu kwa rangi kuanzia kambini hadi kaburini, na wakubwa wengi hawakutaka kabisa kumwona mtu mweusi mwenye bunduki kwenye mstari wa mbele. Weusi wengi waliokwenda Ulaya walipewa kazi za bandarini, barabarani na kuzika maiti.

Kikosi hiki kilionja ubaguzi kabla hakijanusa baruti. Oktoba 1917 kilipelekwa kwenye mazoezi Spartanburg, South Carolina, ambako wenyeji walikuwa wametangaza waziwazi kwamba hawakitaki. Siku moja Noble Sissle, mwanamuziki aliyekuwa askari katika kikosi hicho, aliingia hotelini kununua gazeti. Mwenye hoteli akampiga kofia ikadondoka, kisha akamwangushia mateke kwa kuwa alithubutu kuingia bila kuvua kofia. Askari wenzake walitaka kuivamia hoteli nzima. Aliyewatuliza ni luteni mwenzao mweusi, James Reese Europe, kiongozi wa bendi ya kikosi na mmoja wa wanamuziki wakubwa wa New York. Wakubwa wa jeshi walipoona moto unakaribia kuwaka, waliona heri wawapeleke Ufaransa haraka. Na New York ilipowaaga askari wake kwa gwaride mwaka ule, hawa hawakuruhusiwa kuandamana na divisheni ya weupe iliyojiita Rainbow, yaani upinde wa mvua. Inasimuliwa kwamba waliambiwa rangi nyeusi haimo kwenye upinde wa mvua.

Walitua Ufaransa mwanzoni mwa 1918, na jambo la kwanza walilopewa ni kazi ya kupakua meli na kutandika reli pale St. Nazaire. Mchukuzi wa Albany alikuwa amevuka Atlantiki kwenda kubeba mizigo ya watu wengine. Kanali Hayward aliandika barua na kulalamika hadi Jenerali John Pershing, jemadari mkuu wa Wamarekani, akapata njia yake ya kumaliza tatizo: aliwakabidhi kwa Wafaransa. Jeshi la Ufaransa lilikuwa limepoteza watu wengi mno katika miaka mitatu na nusu, na kwa Wafaransa askari mweusi mstari wa mbele halikuwa jambo geni, kwa sababu walikuwa wameshawapeleka maelfu ya Waafrika kutoka Senegali na makoloni yao mengine. Basi wachezaji bendi, wapishi, makuli na madereva wa Harlem wakapewa bunduki za Kifaransa, kofia za chuma za Kifaransa na chakula cha Kifaransa. Kikosi kikabadilishwa namba kikawa Rejimenti ya 369.

Sasa msikilizaji, tuufikie usiku wenyewe.

Ni usiku wa kuamkia tarehe 15 Mei 1918, pembezoni mwa msitu wa Argonne, mashariki mwa Ufaransa. Johnson na kijana mwenzake, Needham Roberts wa mji wa Trenton, New Jersey, wako lindoni katika kituo kidogo kilichotangulia mbele ya mahandaki. Kazi yao ni kusikiliza. Mbele yao kuna seng'enge, na ng'ambo ya seng'enge kuna Wajerumani. Yapata saa 8 za usiku wanasikia mlio mdogo wa chuma, kisha mwingine. Mtu anakata seng'enge kwa koleo.

Johnson anamwambia mwenzake arudi nyuma kuwapasha Wafaransa, kisha anarusha bomu la mkono kule kunakolia koleo. Hapo giza linapasuka. Wajerumani, wasiopungua 12, na kwa hesabu nyingine wapatao 24, wanajibu kwa mabomu na risasi. Walikuwa wametumwa kukamata mateka ili wawahoji kuhusu hawa askari wapya. Roberts anasikia vita vimeanza, anageuka kurudi kumsaidia mwenzake, na vipande vya bomu vinamchana mkono na nyonga. Hawezi tena kusimama. Anajiegemeza pale chini na kuanza kumpitishia Johnson mabomu, moja baada ya jingine, na Johnson anayarusha. Nakuomba umkumbuke Roberts katika hali hiyo, kwa maana masimulizi mengi hupenda kumwacha Johnson peke yake.

Mabomu yanakwisha. Johnson anashika bunduki. Ile bunduki ya Kifaransa ilichukua risasi tatu tu, na zilipokwisha, kwa haraka na giza akasokomeza risasi za Kimarekani. Bunduki ikakwama. Fikiria kosa hilo limetoka wapi: ni askari wa nchi moja aliyevalishwa silaha za nchi nyingine kwa sababu nchi yake haikutaka apigane kando yake. Adui ameshafika. Johnson anaigeuza bunduki, anapiga kwa kitako, anapiga tena mpaka kitako kinavunjika vipande. Anapigwa kichwani, anaanguka. Akiwa chini anawaona Wajerumani wamemshika Roberts mabegani na miguuni, wanaanza kumburuta kuelekea upande wao.

Kilichobaki kiunoni mwake kilikuwa bolo, panga fupi zito lenye asili ya Ufilipino ambalo jeshi la Marekani liliwapa askari wake. Johnson akainuka na panga. Nitasema tu kwamba aliwafikia waliomshika Roberts na kuwalazimisha kumwachia, na kwamba mmoja wao alikufa kwa panga lile lililoshuka kichwani. Alipigwa risasi, akachomwa kisu, akaendelea. Wajerumani wakarudi nyuma wakikokota majeruhi wao, naye hakuacha kupigana hadi wenzake walipofika. Ndipo akazimia.

Kulipopambazuka walikuta maiti wanne wa Kijerumani, na kwenye seng'enge na nyasi damu iliyoonyesha njia waliyopita wengine, pamoja na silaha na makoleo waliyoyatupa. Johnson alikuwa na majeraha 21. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevunjwavunjwa, na madaktari wa Kifaransa ilibidi wauunge kwa chuma. Roberts naye alipona. Hakuna mateka aliyechukuliwa usiku ule.

Baadaye watu walipomtaka aeleze, Johnson alisema hakuona la ajabu, alipigania uhai wake tu, na hata sungura angefanya hivyo. Mimi simkubalii. Sungura angekimbia, na njia ya kukimbia ilikuwepo. Alipigana mpaka mwisho kwa sababu ya Roberts.

Wafaransa hawakungoja. Waliwapa wote wawili Croix de Guerre, nishani yao ya vita, na ya Johnson ikaongezewa jani la dhahabu, alama ya kutajwa kwa heshima ya juu kabisa. Hawa wawili ndio wanaotajwa kuwa askari wa kawaida wa kwanza wa Marekani kuipata nishani hiyo. Kwa bahati waandishi wa habari wa Marekani walikuwa wamefika kukitembelea kikosi siku hizohizo. Gazeti la New York World likayaita mapigano yale vita vya Henry Johnson. Hata Irvin Cobb, mwandishi mzaliwa wa Kentucky aliyezoea kuwachora weusi kama vichekesho katika hadithi zake, aliona palepale mahali pa tukio akashindwa kukanusha, akaandika makala ya kuwasifu. Kanali Hayward naye alimwandikia barua mke wa Johnson kule Albany akimweleza mumewe alichofanya.

Kwa hiyo ushahidi ulikuwepo, na wa kutosha. Ila kulikuwa na karatasi nyingine iliyokuwa ikiandikwa miezi ile, na hii ndiyo inayonisaidia kuelewa yaliyofuata. Agosti 1918 afisa wa Kifaransa aliyekuwa kiungo kati ya jeshi lake na makao makuu ya Wamarekani, Kanali Linard, alisambaza waraka wa siri kwa maafisa wa Ufaransa. Aliwaeleza namna Wamarekani weupe wanavyotaka weusi watendewe: wasile nao meza moja, wasipeane nao mikono kwa ukaribu nje ya kazi, na wasiwasifu kupita kiasi, hasa mbele ya Wamarekani weupe. Waraka huo ulivuja, na W.E.B. Du Bois, mtetezi mweusi wa haki za weusi, akauchapisha Mei 1919 katika jarida la The Crisis. Ukiusoma huo, huhitaji kujiuliza sana kwa nini hakuna afisa wa Kimarekani aliyeketi mezani kumwandikia Johnson pendekezo la nishani.

Rejimenti ya 369 ilikaa mstari wa mbele siku 191, muda ambao hakuna kikosi kingine cha Marekani kilichoufikia. Septemba 1918 ilipigania kijiji cha Séchault na kukitwaa kwa hasara kubwa ya watu, na kwa vita hivyo kikosi kizima kikapewa Croix de Guerre. Tarehe 17 Februari 1919 wakarudi New York, na safari hii gwaride lilikuwa lao. Walipanda barabara ya Fifth Avenue kwa mpangilio wa Kifaransa, safu zimebanana bega kwa bega, mpaka Harlem, na bendi ya James Reese Europe ikiwatangulia. Henry Johnson hakuweza kutembea masafa yale kwa mguu uliounganishwa kwa chuma. Alipandishwa gari la wazi, akasimama humo na shada la maua mkononi, akipungia umati.

Serikali ilifahamu thamani yake vizuri sana wakati huo. Picha yake ilitumika kuvuta vijana wajiunge na jeshi, na jina lake likawekwa kwenye matangazo ya kuuza stempu za kuchangia gharama za vita. Mtu anayetosha kuwekwa kwenye tangazo la serikali hakutosha kuwekwa kwenye orodha ya nishani. Hadi leo jambo hili linanitia uchungu kila ninaposoma habari zake, maana haliwezi kuitwa kusahau. Walimkumbuka kila walipomhitaji.

Kisha likaja la St. Louis. Machi 1919 Johnson alialikwa kuhutubia ukumbini mjini humo, kama alivyokuwa akialikwa miji mingine kusimulia vita. Safari hii alisema mengine. Alieleza jinsi askari weupe walivyokataa kukaa handaki moja na weusi, na jinsi weusi walivyodhulumiwa na jeshi walilolitumikia. Ukumbi ulichafuka. Siku zilizofuata ikatolewa hati ya kumkamata, kwa kisingizio kwamba amevaa sare ya jeshi baada ya muda ulioruhusiwa kwa askari aliyekwisha kuachishwa. Mialiko ikakatika. Na mwaka ule wenyewe haukuwa wa mchezo: kuanzia Washington hadi Chicago, makundi ya weupe yalishambulia mitaa ya weusi, na waliorudi kutoka Ufaransa na sare zao walikuwa miongoni mwa waliolengwa. Mtu mweusi mwenye nishani anayesema hadharani alionekana hatari.

Hebu tazama sasa karatasi zake za kuachishwa jeshi. Majeraha 21, na karatasi hazikuyataja. Alirudi Albany kwenye stesheni, lakini kazi ya mchukuzi inataka miguu miwili mizima. Hakuweza kushika kazi kwa muda mrefu. Ndoa yake ikavunjika. Akaugua kifua kikuu, na Julai 1929 akafariki kwa maradhi ya moyo, umri wake miaka thelathini na kitu. Habari zake hazikuvuma. Miaka mingi watu wa Albany waliamini kwamba alizikwa katika kaburi la maskini lisilo na jina mahali fulani mjini kwao.

Mwaka 2002 watafiti waliokuwa wakifuatilia habari zake walilikuta kaburi lake penye makaburi ya kitaifa ya Arlington, karibu na Washington, mahali wanapozikwa mashujaa wa nchi. Alikuwa amezikwa huko kwa heshima za kijeshi tangu Julai 1929, kwa jina lake kamili la William Henry Johnson. Miaka 73 jina lake lilikuwa kwenye jiwe, na waliokuwa wakimlilia hawakujua.

Waliosukuma suala lake walikuwa maaskari wastaafu wa Albany, wanasiasa wa New York, na afisa mmoja mstaafu wa jeshi la anga aliyeamini kwamba Johnson ni baba yake. Mwaka 1996 Rais Clinton alimtunuku Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa vitani. Pendekezo la Nishani ya Heshima lilipofika juu mwaka 2001 likakataliwa: ushahidi wa maandishi wa wakati ule, uliotoka kwa wakubwa wake jeshini, hautoshi. Badala yake akapewa nishani ya pili kwa ukubwa. Sheria ya nishani inataka pendekezo rasmi kutoka jeshini, tena mapema. Ni sheria yenye maana, kwa sababu bila hiyo kila ukoo ungemtukuza babu yake. Lakini iliandikwa kana kwamba kila askari ana afisa anayetaka kumwandikia.

Kilichofungua mlango ni karatasi moja iliyopatikana katika kumbukumbu za jeshi na msaidizi wa seneta aliyekuwa akichimba habari hizo. Ilikuwa taarifa ya Jenerali Pershing mwenyewe, tarehe 20 Mei 1918, siku tano tu baada ya tukio. Ilieleza kwamba walinzi wawili weusi walishambuliwa na kundi kubwa la adui, wakajeruhiwa, wakaendelea kupigana, na ikawasifu kwa ushupavu wao. Huyu ni jenerali yuleyule aliyewakabidhi kwa Wafaransa. Taarifa yake ilikuwa imekaa ndani ya jengo la serikali miongo tisa, huku serikali hiyohiyo ikidai haina ushahidi. Ilibidi Bunge la Marekani lipitishe kifungu maalumu Desemba 2014 kuondoa kikomo cha muda, ndipo Ikulu ikapata ruhusa ya kutoa nishani.

Na hapa, msikilizaji, nageukia kwetu, kwa sababu vita ni vilevile na miaka ni ileile. Mwaka 1918, Johnson akiwa Argonne, jeshi la Uingereza lilikuwa likimsaka Jenerali von Lettow-Vorbeck wa Ujerumani, aliyekuwa ameshavuka kutoka Afrika Mashariki hadi Msumbiji. Mizigo ya vita hivyo ilipita juu ya vichwa vya watu. Uingereza iliandikisha wapagazi wapatao 1,000,000 kutoka sehemu mbalimbali, na hesabu ya serikali yenyewe inataja vifo zaidi ya 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Vita vilipokwisha, maafisa waliokuwa na jukumu la makaburi waliamua kwamba Waafrika hawahitaji jiwe lenye jina kila mmoja, na kwamba sanamu za jumla zitatosha. Ndiyo asili ya sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927, na ile ya Nairobi iliyofuata. Tunazipita kila siku, na jina la askari au mpagazi hata mmoja hatulisomi pale.

Mwezi Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri hadharani. Ripoti yake ilisema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa kumbukumbu ya majina yao, na wengine hawakuwekewa kumbukumbu yoyote. Ikaomba radhi. Tangu hapo orodha za zamani zimeanza kutafutwa upya katika nyaraka za Kenya, Tanzania na kwingineko. Nasema hivi ili mtu asimwone Johnson kama msiba wa Wamarekani peke yao. Yeye angalau alikuwa na waandishi wa magazeti waliofika siku ya pili yake. Mpagazi aliyefia ukingoni mwa Rufiji alikuwa na mnyapara mwenye daftari la mishahara, na daftari hilo ndilo tunalolitafuta leo.

Turudi Washington. Majuma machache kabla ya sherehe ya 2015, jeshi lilifanya uchunguzi wa ukoo na kugundua kwamba yule afisa mstaafu aliyepigania jina la Johnson kwa miaka mingi, na ambaye naye alikuwa ameshafariki, hakuwa mwanawe. Binti yake, aliyeendeleza kazi hiyo baada ya baba, aliambiwa kwamba marehemu si babu yake. Nimejaribu kujiweka mahali pake na sijapata neno la kumfariji. Familia ile ilibeba jina la mtu asiye wao, kwa gharama zao na muda wao, mpaka likafika Ikulu, kisha nishani ikapokelewa na mtu mwingine. Kwangu mimi hao ni jamaa zake, karatasi iseme inavyosema.

Mambo hayakuishia hapo. Kule Louisiana kuna kambi kubwa ya mafunzo iliyokuwa ikiitwa Fort Polk, kwa jina la Leonidas Polk, jenerali wa upande ule uliopigana kutetea utumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Juni 2023 kambi hiyo ilibadilishwa jina ikaitwa Fort Johnson, kwa heshima ya Henry Johnson. Vijana wa miguu waliopita pale kwa mazoezi walivuka lango lenye jina la mchukuzi wa Albany. Mwaka 2025 serikali mpya ikatangaza kurudisha jina la Fort Polk, safari hii ikisema ni kwa heshima ya Polk mwingine, Jenerali James Polk wa Vita Kuu ya Pili. Johnson alilikalia lango lile miaka miwili. Sina chuki na Jenerali James Polk, alipigana vita vyake kwa heshima. Ila kutafuta shujaa mwingine mwenye jina linalofanana ili la zamani lirudi mlangoni ni jambo ambalo sioni namna ya kulitetea.

Na Needham Roberts je? Yule kijana wa Trenton aliyerudi badala ya kuendelea kukimbilia usalama, akajeruhiwa, akakaa chini kwenye damu yake na kumpitishia mwenzake mabomu? Aliishi hadi mwaka 1949. Taarifa ya Pershing, ileile iliyofungua mlango wa Ikulu, iliwataja wote wawili. Ushahidi uliomtosha mmoja unamtosha na mwingine, kwa maana ni karatasi moja. Nishani ya Heshima ya Roberts haijatolewa.